Jina Linaloitwa Kila Jioni

Kamene, muuza mitumba wa Tala, hakuwa mtu wa kuamini majirani, hasa waifai yake inapoenda mwendo wa kobe. Jumapili baada ya misa akafungua mipangilio ya rauta kwenye simu, vile mwanawe Mwendwa alivyomwelekeza. Akaona vilivyounganishwa: simu yake, televisheni yake, na simu nyingine iliyoandikwa Farhia.

"Kumbe!"

Farhia alikuwa binti wa Hirad, mchuuzi wa ng'ombe aliyepanga nyumba ya pili. Ndiyo maana siku hizi salamu za Hirad zilikuwa tamu kama asali! Kamene akatoka mbio hadi kwenye ua.

"Wewe Hirad, nani alikupatia neno langu la siri?"

"Hakuna mtu alitupatia, Mama Mwendwa," Hirad akajibu, akijizuia kucheka. "Watoto walijaribu tu hilo jina unaita kila jioni. Kavaluku! Kavaluku! Mtaa mzima unalijua."

Kavaluku alikuwa mbuzi wa Kamene, mtoro kama sungura, ndiyo maana akampa jina hilo la sungura kwa Kikamba. Kamene akarudi ndani, akafunga mlango, akaweka neno jipya bila kumwambia mtu, hata Mwendwa.

Jioni ile ile, beberu mpya aliyemnunua juzi kutoka Ndithini akaruka ua, akatokomea. Kamene akafungua mdomo amwite kwa jina. Akautazama mlango wa Hirad, akaufumba mdomo, akamfuata beberu kimya kimya hadi mtoni.