Kichaka Tulichokisafisha

Mimi buibui sikuwahi kuwapa heshima yoyote. Kwetu, chini ya kilima cha Kilimatinde, buibui ni wa kupigwa kandambili, mjadala umekwisha. Kwa hiyo yule binti wa chuo kikuu alipokuja kulala kifudifudi kwenye kichaka nyuma ya shamba letu la alizeti, nilijua masomo yamemzidi.

Siku ya tatu akaniita nichungulie. Kwenye jani kulikuwa na kibuibui kama punje ya mtama, kina macho mawili makubwa mbele, nacho kikageuka kunikodolea bila aibu. Hakisubiri mawindo kwenye utando. Kinamvizia inzi na kumrukia. Nikakipenda, sijui kwa nini. Binti akasema hajawapata buibui hao kwingine, maana vichaka vingine alivyopita vimeshageuzwa mashamba na mkaa. Akaniomba nimtunzie kichaka hicho, atarudi kiangazi na profesa wake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kiangazi akapiga simu kwamba wanakuja Alhamisi. Mama akahamaki. Profesa mzima atambae kwenye miiba? Watu watatusema! Kwetu mgeni akija unamfagilia mpaka njia, hata kama ni mkwe usiyempenda. Basi tukaingia na mapanga, mimi mbele kwa kiherehere changu. Tukafyeka, tukachoma, tukafagia. Pakapendeza kweli. Mama akapanga na viti.

Profesa alishuka kwenye gari, akamwamkia mama, kisha akaanza kukitafuta kichaka kwa macho. Binti alikwenda moja kwa moja hadi kwenye majivu, akapiga magoti, akawa anageuza kijiti kimoja kimoja.

“Mbona profesa hakai?” mama akaninong'oneza. “Kuna kitu tumesahau?”

Nikamweleza kwa Kigogo, taratibu, kwamba vile vidudu vilikuwa vinaishi humohumo kwenye miiba, na havina kwingine. Mama akaviangalia viti vyake.

“Mimi sikuambiwa,” akasema. “Wewe uliambiwa.”

Kweli niliambiwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaenda nikapiga magoti karibu na yule binti, nikaanza kupekua majivu kwa vidole. Alinivumilia kidogo, kisha akasema, bila ukali wowote, “Dada, inuka tu. Hawapo.”