Barua ya Kiboko na Mnyoo Asiye na Mdomo

Niliondoka Nunguni kwenda kutafuta barua ya kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Ilikuwa miaka ya themanini, nikifundisha bayolojia katika shule ya bweni, na wanafunzi walijua kwamba Mwalimu Kioko hakosei. Katika mtihani wa Kidato cha Tatu niliuliza chakula cha viumbe vyote hutokana na nini. Darasa zima liliandika jua. Mwikali Mutua peke yake aliandika kwamba wako wanyama chini kabisa ya bahari, gizani, ambao chakula chao hakitokani na jua. Alisema alisikia redioni. Nilimpa sufuri, kisha nikamwagiza aandike mara hamsini: "Chakula chote cha viumbe hutokana na jua."

Alikataa. Mwanafunzi kumkatalia mwalimu mbele ya darasa! Alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Wiki mbili zikapita, mzazi hakuja wala mtoto hakurudi.

Jumamosi asubuhi nilipata nafasi mbele katika lori la kabichi. Nunguni kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Tuliteremka kona baada ya kona, na tulipofika Matiliku nilikuwa nimeshavua sweta.

Saa tatu nilikuwa shambani kwa Mzee Mutua, baba yake Mwikali. Walikuwa wakichimba mtaro wa kuzuia udongo, baba upande huu, binti upande ule, wakitupa mchanga juu. Mwikali alinisalimu kwa heshima, akaendelea kuchimba.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana," mzee alisema. "Nataka kujua kitu moja tu. Huyu mtoto aliongopa?"

"Alikosea, mzee."

"Kukosea naelewa. Lakini wewe ulimwita muongo, na wenzake wakisikia."

Ni kweli, nilikuwa nimemwita hivyo.

"Basi kama ni muongo, atabaki hapa tupande mbaazi. Siwezi kusomesha muongo. Na kama si muongo, utakuja useme hapa hapa, yeye akisikia."

Nilimwambia naelekea Kiboko, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kwa Daktari Nduku, mwanasayansi tuliyekua naye kanisa moja. Yeye ataandika ukweli, na kesho nikirudi nitaupitisha hapa. Mzee alikubali. Nilikula muthokoi yake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nikashiba vizuri, maana sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Saa nane nilishuka Kiboko, joto likitoka juu na chini. Nilimkuta Nduku katikati ya kunde zake, kofia ya majani kichwani, daftari mkononi. Nilimweleza habari yote kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kioko, keti kwanza," akasema.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuwahi kutusimulia kanisani. Alipokuwa akisoma ng'ambo, alichukuliwa kwa miezi kadhaa kwenye meli ya utafiti katika Bahari ya Pasifiki. Kazi yake ilikuwa kupanga na kuosha vitu vilivyoletwa na chombo kinachozamia zaidi ya kilomita mbili kwenda chini. Kule, alisema, sakafu ya bahari ina nyufa, na maji moto yanatoka humo na gesi inayonuka kama yai viza. Kandokando ya nyufa hizo wamejaa viumbe.

Alinionyesha chupa. Ndani yake kulikuwa na kipande cheupe cha mrija mwembamba, mgumu kama ukucha.

"Hii ni nyumba ya mnyoo. Akikomaa anaweza kuwa mrefu kukushinda wewe. Hana mdomo, hana tumbo la chakula."

"Sasa anakula nini?"

Aling'oa mkunde mmoja, akakung'uta udongo na kunionyesha vinundu kwenye mizizi. "Hapa ndani kuna bakteria. Mkunde unawapa makao, wao wanautafutia mbolea hewani. Mnyoo naye amekaribisha bakteria mwilini. Anawaletea ile gesi, wao wanatumia nguvu yake kupika chakula. Jua halikuwasha hilo jiko."

Nilibaki nimeshika ule mkunde. Niliona haya, na zaidi ya haya niliona hasira, kwa sababu mizizi kama ile nilikuwa nimeifundisha miaka yote.

Nduku alinihurumia kidogo. "Usilie. Ili kuitumia hiyo gesi wanahitaji pia oksijeni, na oksijeni hiyo imetengenezwa na mimea huku juu kwenye mwanga. Kwa hiyo jua lako halijakosekana kabisa." Akaandika barua ya aya mbili: ya kwanza mnyoo, ya pili oksijeni.

Jumapili, njiani kurudi, niliisoma barua ile mara nne. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi sikutaka kukubali. Nilipanga kumsomea mzee aya ya pili tu. Isingekuwa uongo.

Saa tisa nilifika Matiliku. Walikuwa wametoka kanisani, Mwikali bado yuko na gauni lake jeupe. Nilifungua barua, nikasafisha koo. Mzee akanyoosha mkono.

"Mpe mtoto asome. Kingereza yake iko sawa, si ndiyo?"

Mwikali alisoma aya ya kwanza, akimfasiria baba yake kwa Kikamba. Alipomaliza angeweza kuikunja. Mzee alikuwa ameshatosheka, tayari ananitazama. Lakini akaendelea: "Bado, baba. Hapa mwalimu naye ako na haki yake." Akasoma habari ya oksijeni yote, neno kwa neno.

Aya niliyotaka kujifichia, yeye alinipa mbele ya baba yake.

"Mzee," nikasema, "binti yako si muongo. Mimi ndiye nilikosea, na nilimkosea." Kisha nikamgeukia yeye, nikarudia.

Jumatatu alirudi darasani. Nilichukua chaki, nikaandika ubaoni: "Wako viumbe ambao chakula chao hakikupikwa na jua." Niliandika tena na tena, kama nilivyomwagiza yeye, nikifuta na kuanza upya ubao ulipojaa, mkono ukiniuma. Niliposhusha chaki, Mwikali akainua mkono.

"Mwalimu, zimebaki mbili."

Nikaziandika.