Wiki Ambayo Marsela Hakuwasha Jiko

Mtaani kwao Karatu, Marsela anajulikana kwa mambo mawili: makande yake na mdomo wake. Makande huyainjika alfajiri kwenye mafiga, sufuria moja kubwa ya kuuza, na walaji wake wengi ni vibarua wa tanuri la matofali lililo nyuma ya nyumba. Mdomo ameuweka kwa ajili ya mwenye tanuri, Melkizedek. Kila moto ukiwashwa kule na moshi ukatanda juu ya mabati, Marsela hutoka uani akamtukana mpaka jasho limtoke. Sababu anayo. Binti yake Goodness, mwenye miaka saba, ana pumu, na kifua kikimbana unasikia mluzi wake ukiwa nje.

"Unaniulia mtoto, Melkizedek!"

"Mbona wangu hawafi?" humjibu juu ya ukuta. "Wako umemlea vibaya, unanisingizia mimi."

Basi alipokuja Anneth, mtafiti wa magonjwa ya kifua, akasema anataka kujua hewa ya mji inachafuliwa na nini na inawafanya nini watoto, Marsela alikuwa wa kwanza kuandikisha nyumba yake. Kila nyumba iliyoandikishwa ikapewa kisanduku cheupe cha kupima hewa; chake kikatundikwa kati ya jiko na chumba cha Goodness, kikae siku saba. Sharti lilikuwa moja tu: kila mtu aishi kama anavyoishi siku zote.

Sharti gani hilo kwa watu wale! Mtaa karibu wote ni Wairaqw, na mgeni hawamketishi penye moshi. Kisanduku kikawa mgeni. Wanawake wakamwagia ua maji ili vumbi litulie, wakapikia kwa majirani wasio na kisanduku, wengine wakakipangusa kila asubuhi kwa kanga safi. Wao walifanya kwa adabu. Marsela alifanya kwa ubaya. Alihamishia sufuria kwa wifi yake Bertha, ng'ambo ya korongo, ili kisanduku kisinuse kitu kingine ila moshi wa Melkizedek. Makande yakawa yanarudi yamepoa. Vibarua waliponung'unika, akawaambia wakale matofali.

Naye Melkizedek si mjinga. Habari za kisanduku alizisikia kwenye mkutano wa mtaa. Matofali yalikuwa yameshakauka na kupangwa, magogo yako tayari, lakini wiki ile hakuwasha. Kila siku Marsela alichungulia juu ya ukuta, akasonya, akarudi ndani. Siku zote hizo saba Goodness aliruka kamba na wenzake bila kusimama.

Kisanduku kilipochukuliwa, asubuhi iliyofuata Marsela akawasha jiko lake. Kabla ya jua kuzama kifua cha mtoto kikaanza kupiga mluzi. Tanuri liliwashwa siku tatu baadaye. Marsela alizihesabu siku hizo kwa vidole, akazihesabu tena, kisha akatoka uani kutukana kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Baada ya mwezi Anneth akawaita watu ofisi ya mtaa.

"Hewa yenu ni safi kuliko mitaa yote tuliyopima," alisema. "Kwa vipimo hivi siwezi kulilaumu tanuri, wala jiko la mtu. Ila sielewi, maana watoto wa hapa wanaumwa. Kuna aliyebadilisha chochote wiki ile? Kama hakuna, nafunga kazi hapa, naenda mtaa mwingine."

Wanawake wakatazama chini. Melkizedek akamwangalia Marsela akitabasamu. Vibarua wake walikula makande ya baridi wiki nzima, alijua kila kitu. Marsela akamchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumchukia. Akaona walivyofanana, akamchukia zaidi. Akinyamaza, yeye ataepuka aibu na Melkizedek ataendelea kuchoma matofali yake kwa raha. Goodness ndiye atakayebakia na moshi wote, wa huku na wa kule.

Akasimama.

"Mimi sikuwasha jiko. Nilipikia ng'ambo ya korongo. Nilitaka huyu mshenzi aonekane peke yake."

Melkizedek akajipiga paja kwa kicheko. "Mmesikia? Miaka yote mimi ndiye muuaji!"

"Na wewe hukuwasha, mnafiki mkubwa! Matofali yamepangwa, magogo yapo, nani hakuyaona?"

Vibarua wakaguna. Mwenye tanuri akainamia viatu vyake.

Anneth hakumtazama. Alikuwa anamtazama Marsela, kalamu mkononi.

"Mama Goodness, kama uliamini ni tanuri peke yake, moto wako uliuficha wa nini?"

Marsela akazihesabu tena zile siku tatu kwa vidole.

"Andika," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia kwake. "Andika kwamba mtoto alianza kubanwa siku niliyowasha mimi. Tanuri lilikuwa bado."