Majina Mawili Yaliyozidi

Verlene Tibbs hakai. Mpe kiti katika ukumbi wa chini wa kanisa letu, ataegemea mgongo wa kiti tu huku akitazama mlango. Miaka kumi na tisa amewaogesha wazee majumbani mwao, amewakata kucha, amewapikia uji wa shayiri, na yeye mwenyewe hana bima ya matibabu. Mshahara wake ni mkubwa mno kwa msaada wa serikali, mdogo mno kwa bima ya kununua. Kisukari kimeanza kumla macho. Daktari alimwambia atibiwe kabla ya mwaka kwisha, la sivyo ni giza. Katika jimbo ambalo maghala ya mahindi ni marefu kuliko minara ya makanisa, hii ni aibu, na sitaitafutia jina la upole.

Ndiyo maana tulitaka katiba ya jimbo irekebishwe, watu kama yeye wapate bima. Ili wananchi waipigie kura Novemba, kwanza zilihitajika sahihi, na kila kaunti ilikuwa na kiwango chake. Verlene alibisha hodi nyumba kwa nyumba tangu theluji ilipoyeyuka.

Siku ya mwisho, gari la kupeleka karatasi za sahihi mji mkuu wa jimbo lilikuwa liondoke saa kumi na moja jioni. Saa nane mimi, mwanafunzi wa chuo niliyejitolea, nilikuwa nazikagua karatasi zake. Moja ikanisimamisha.

"Bi Verlene, hapa chini umeapa umeshuhudia sahihi ngapi?"

"Ishirini na sita. Si nimeandika? Au huko chuo hamkufika kwenye namba?"

"Zipo ishirini na nane."

Sheria aliijua kuliko mimi: ukiapia idadi pungufu, karatasi nzima inatupwa. Namba ya kiapo haibadilishwi. Kinachoruhusiwa ni mkusanyaji mwenyewe kukata majina yaliyozidi kabla karatasi haijawasilishwa.

Aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Mistari miwili ya mwisho, iliyoandikwa kwa wino hafifu, hakuwa ameiona alipohesabu.

"Usiwaambie wenzako," alisema.

"Kata wawili tu, Bi Verlene. Yaishe."

"Yaishe? Kaunti yetu imevuka kiwango kwa majina kumi na moja, na huko watayachambua kama mchele! Nawakata Orval Hutchins na mkewe. Leo wako kwenye maonyesho ya mifugo na nguruwe wao. Watatia sahihi upya kwenye karatasi nyingine. Washa gari."

Tulimkuta Orval kwenye mizani, amemshika nguruwe jike sikio.

"Verlene! Mara ya kwanza nilitia sahihi ili uondoke mlangoni kwangu. Leo umekuja kuhamia?"

"Nimekukata jina. Andika tena."

"Umenikata? Baada ya kunisumbua mara nne?"

"Mara tano. Andika, Orval, gari linaondoka."

Aliandika, kidole chake chenye tope kikaacha alama pembeni. Mkewe, Marceline, akafuata. Kisha Verlene akainama kuandika idadi, pua juu ya karatasi, akigusa kila jina kwa ncha ya kidole: moja, mbili. Akarudia. Moja, mbili.

Orval alimwachia nguruwe.

"Verlene, huoni?"

"Naona ulivyo mkaidi. Inanitosha."

"Hukuniambia kwamba hii bima ni yako."

"Hukuuliza. Ulikuwa unafunga mlango."

Marceline akampiga mumewe begani kwa kofia. Orval hakucheka. "Novemba nitakupeleka kupiga kura mimi mwenyewe," alisema. "Na yule shemeji yangu mjinga naye nitamburuta."

Tulifika kanisani zikiwa zimebaki dakika tisa. Karatasi zikapakiwa. Nilimletea Verlene kiti, akakisukuma pembeni, akaenda kusimama ukingoni mwa barabara, akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Limeshakata kona?" aliniuliza.

Gari lilikuwa hatua ishirini mbele yetu, taa zake nyekundu zikiwaka, likingoja kuingia barabarani.

"Bado, Bi Verlene."

"Basi niambie likikata."