Gurudumu Lililolia Tukitoka Tetu

Juzi mjini Nyeri nilimwona mwanamke ameinama kando ya gari lake akisikiliza gurudumu, nikamkumbuka mama, alasiri ile tulipokuwa tukimpeleka tata Wanja, dada yake, hospitalini kujifungua.

Barabara ya kutoka Tetu ilikuwa ya changarawe, na ndani ya pikapu mlinuka maziwa na udongo wa mvua. Tata alikuwa akiguna. Mara gurudumu la mbele nalo likaanza kulia, kwaruuu, kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Niliamini gari nalo limeshikwa na uchungu wa kuzaa.

"Tutafika kweli?" tata akauliza.

"Tutafika. Ngoja nisikize."

Mama alishuka, akagusa kila gurudumu kwa kiganja, vile alivyonigusa nikiwa na homa. "Hakuna yenye imepata moto. Breki haijakwama," akasema. "Ni kajiwe kameingia."

Akashika usukani, akarudisha gari nyuma polepole, akaenda mbele, akarudi tena. Kitu kikadondoka. Kimya kikawa kikubwa hata nikasikia ndege kwenye majani ya chai kando ya barabara.

Leo najua jinsi kijiwe kinavyokwama kando ya diski ya breki. Siku ile nilijua tu kwamba mama amesema na gari, nalo likamtii.

Binamu yangu alizaliwa mara tu tulipofika. "Mngechelewa kidogo angezaliwa njiani," muuguzi akasema. Mama akacheka, kisha akaketi sakafuni pale mlangoni, funguo za gari amezifumbata kwa nguvu, ndipo nikajua kwamba alikuwa ameogopa njia nzima.