Tangi Lililopakwa Mafuta ya Nazi

Nilitoka Kitale kwa pikipiki, begi limefungwa nyuma kwa mpira wa ndani wa gurudumu, na ndani ya begi bunduki yangu ya kupulizia rangi imeviringishwa kwenye sweta. Hiyo sweta sikuihitaji tena nilipopita Mtito Andei. Hakuna aliyeniita Pwani. Nilipokuwa kidato cha pili shule ilituleta Diani kuiona bahari, tukaachiwa tukimbie mchangani kidogo, halafu filimbi ikalia tukarudishwa kwenye basi. Tangu siku hiyo nilikuwa nikijiambia kwamba sikumaliza kutazama. Nikawa fundi wa kupaka magari rangi, nikafanya kazi gereji hii na ile, nikahama miji, na nilipofika miaka arobaini na kitu nikaona basi, niende nikamalizie.

Nakuru ilininyeshea. Nairobi nilipita nikiwa nimeshika breki zaidi ya kushika mafuta. Barabara ya Mombasa malori yalinisukuma pembeni kwa upepo wao, na mgongo ukauma hadi nikaanza kuendesha nimekaa upande. Kisha feri ya Likoni, kisha Ukunda, na hewa ikawa nzito kama mtu amefunua sufuria ya wali wa nazi karibu na uso wangu. Diani niliitazama bahari nikatosheka upesi kuliko nilivyotarajia, nikaendelea kusini. Msambweni nilisimama kwa sababu ya kiu tu.

Nilikuwa nikinywa dafu karibu na stendi ya bodaboda pale kijana mmoja aliponijia. Hakunitazama usoni. Alilitazama tangi la pikipiki yangu, ambalo nilikuwa nimelipaka mwenyewe rangi nyeusi ya mati, ile isiyong'aa kabisa, iliyo kama ubao wa darasani uliofutwa vizuri.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Samahani, hili tangi ulilinunua hivi?"

"Nililipaka mwenyewe."

"Na petroli ikimwagika?"

"Nafuta, naendelea na safari."

Akageuka akawaita wenzake kwa sauti. "Njooni muone! Anafuta, anaendelea na safari!" Wakaja wakalizunguka tangi langu, na mmoja wao, mtu mnene aliyevaa kofia ya kiua, akacheka na kumwambia, "Shemeji, muombe huyu mgeni akusaidie. Ukija kwetu Munje na hiyo Chapati yako, wallahi mlango hatufungui."

Hapo nikaonyeshwa Chapati. Ilikuwa pikipiki ya yule kijana wa kwanza. Alikuwa amelipulizia tangi rangi ya kopo, ile ya kubonyeza kwa kidole, akafurahi kwa wiki kadhaa. Lakini pale stendi wengi walinunua mafuta ya chupa kando ya barabara, na mafuta ya chupa hayamiminwi bila kuchuruzika. Kila tone lililoteremka kutoka kwenye kifuniko lilikula rangi, hata tangi likabaki na mabaka ya mviringo, meupe na ya kahawia, kama chapati iliyoungua. Abiria walikuwa wakisema, "Niitieni Chapati." Watoto walimwita Chapati hata akiwa kwa miguu. Na sasa alikuwa anaoa Munje mwezi uliofuata, dada yake yule mnene mwenye kofia, na alikuwa ameapa kwamba atakwenda kwa wakwe juu ya pikipiki yake mwenyewe, mbele ya msafara wa stendi nzima, bila mtu kucheka.

"Kaka," akaniambia, safari hii akinitazama usoni, "nitengenezee kama hili lako. Siku hiyo moja tu nisiwe Chapati."

Nikamwambia nahitaji mahali pa kulala na pa kufanyia kazi. Akanipeleka kwa bibi yake.

Bibi yake aliishi peke yake katika nyumba yenye ua mpana, na kila asubuhi alichoma mahamri ya kuuza. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza habari za huko bara mpaka habari za ng'ombe nisio nao. Kisha akamtazama mjukuu wake.

"Mume wangu, umeniletea mgeni. Ndio unanipa mume mwingine kwa vile unaniolea mwenzangu?"

"Bibi, huyu ni fundi. Atalipaka tangi."

"Bora tangi. Uso wako ulishashindikana."

Kazi yenyewe nilimweleza bwana harusi tangu mwanzo, maana wengi hudhani rangi ya mati ni rahisi kwa kuwa haihitaji kung'arishwa. Ni kinyume. Rangi inayong'aa ukikosea unaisugua, unaipiga polishi, kosa linakwisha. Ya mati ukiisugua inaanza kung'aa palepale uliposugua, na hapo huna budi kurudia upya. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe sawa kabla ya mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho la rangi.

Tulimwaga petroli yote, tukaliosha tangi kwa sabuni, tukaliacha wazi uani mpaka harufu ikaisha. Nikaondoa rangi ya zamani kwa msasa mkali hadi bati likaonekana, nikatafuta kutu hasa kuzunguka kifuniko, kwa sababu chumvi ya Pwani haina subira. Kisha msasa laini kwa maji. Kisha nikalifuta kwa thina, na tangu hapo nikakataza mtu yeyote asiliguse kwa mkono mtupu.

Ndipo nikamwendea bibi.

"Bibi, kesho nakuomba usichome mahamri."

Akaweka mkono kiunoni. "Mahamri yangu yamekufanya nini?"

Nikamweleza kwamba moshi wa mafuta ya kukaangia huruka na kutua kwenye bati bila kuonekana, na rangi ikija juu yake hukimbia, huacha vijitundu kama macho ya samaki.

"Kwa hiyo mtaa mzima ule mkate kwa ajili ya tangi?"

"Kwa ajili ya mume wako, bibi."

Akafikiri. "Haya. Lakini wakiniuliza nitasema ni yule mbara."

Asubuhi ya pili sikuanza mapema. Msambweni hewa ya asubuhi ina unyevu, na unyevu ukinaswa ndani ya rangi hutoa ukungu mweupe. Nilisubiri jua lipande na umande ukauke, nikavaa barakoa, nikapuliza praima, ile rangi ya msingi, halafu nyeusi, nikipumzisha kila mkono hadi ukauke. Mwisho ukaja ule mkono wa juu usio na rangi, wa mati, uliochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza rangi. Hiyo hadina ndiyo inayofanya petroli isile kitu, na ndiyo iliyokosekana kwenye kopo la bwana harusi. Kopo la mati nililikoroga muda mrefu mpaka bwana harusi akaniuliza kama napika uji. Ule unga unaoua mng'ao hukaa chini, na usipoukoroga tangi hutoka na madoa, huku linang'aa na huku haling'ai. Kisha nikapuliza kwa mwendo mmoja, bila kusimama popote.

Tangi likakauka taratibu mbele ya macho yetu. Mwanzo lilikuwa na mng'ao wa maji, halafu mng'ao ukazama, likabaki jeusi, tulivu. Bwana harusi alizunguka ua mara nyingi na mikono nyuma kama mkaguzi.

Nikamwambia aliache lipigwe na jua wiki nzima kabla ya kutia petroli. Alitii. Nikamkataza polishi, nikamkataza nta, nikamkataza mafuta ya aina yoyote. Alitii pia. Bibi yake sikumkataza, kwa sababu haikunijia akilini.

Asubuhi ya harusi ua ulijaa. Bibi alikuwa amemkalisha mjukuu wake kwenye kigoda akimpaka mafuta ya nazi mikono, shingo na miguu, akisema hamtoi mtu kwake amepauka akaenda kuchekwa na wakwe. Mimi nilikuwa nikifunga kamba za bendera ndogo kwenye pikipiki za stendi. Nikasikia bwana harusi akipiga kelele.

"Bibi! Bibi umefanya nini?"

Bibi alikuwa amesimama kando ya pikipiki, viganja vyake viwili juu ya tangi, akisugua kwa upendo kabisa. Tangi lilikuwa linang'aa kama samaki aliyetoka majini.

"Mafuta yalibaki mkononi," akasema. "Na hili nalo nimeliona limepauka, maskini. Mmelipaka rangi halafu mkaliacha kavu vile, kama mtoto asiye na mama?"

Bwana harusi alishika kichwa kwa mikono iliyojaa mafuta. Msafara ulikuwa tayari unawasha injini. Kila mtu akanitazama mimi.

Nikaomba maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, na kanga kuukuu iliyolainika. Bibi akaleta ya kwake, akiuliza njia nzima kosa lake ni lipi. Sikusugua. Niliilowesha kanga, nikaigandamiza, nikainua, nikasuuza, nikagandamiza tena. Kama ingekuwa rangi ya kopo labda ingebabuka na kanga. Hii ilikuwa imekomaa juani. Mafuta yakatoka povu kwa povu, na weusi mtulivu ukarudi kuanzia kwenye kifuniko kushuka chini. Stendi nzima ikapiga vigelegele kama wanawake.

"Sasa limepauka tena," bibi akasema. "Shauri yenu."

Tulikwenda Munje. Baada ya nikaha msikitini, shemeji mnene alisimama mlangoni kwao na mikono kifuani, akaliinamia tangi, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kisha akajisogeza kando. "Mpisheni bwana harusi," akasema. Neno chapati siku hiyo lilitajwa pale chakula kilipopakuliwa tu, na lilikuwa na maana yake halisi.

Nilikaa Msambweni kuliko nilivyokusudia. Stendi nzima ilitaka mati. Nilipaka hadi pikipiki zikafanana, mtu akawa anapanda ya mwenzake na kufika Ramisi kabla ya kugundua. Tangi la bwana harusi nililichungulia kila nilipolikuta. Mafuta ya chupa yalichuruzika juu yake kila siku, na halikuota baka hata moja. Pengine ndipo nilipoanza kuwashwa na nyayo, kutaka barabara tena.

Sikumwambia mtu. Bibi aliniona nikikaza mnyororo akajua. Asubuhi nilipotoka na begi nilikuta amenifungia mahamri kwenye gazeti, na tangi langu linameremeta.

"Nimelipitishia kidogo tu," akasema. "Safari ni ndefu."

Kanga ilikuwa imeanikwa pale kambani. Maji yalikuwa jikoni. Nikamshukuru, nikambusu mkono, nikawasha pikipiki.

Nilipita njia ya ndani kuelekea Kinango, yenye vumbi jekundu, na vumbi lote lilinata juu ya yale mafuta. Nilipozima injini kupumzika, tangi lilikuwa limegeuka rangi, na alama za vidole vya bibi zilionekana wazi, vyote kumi. Nikala mahamri nikizitazama. Sikufuta.