Nyumba Iliyolala Bila Moto

Masizi ya miaka mingi yakilowa mvua hutoa harufu kali, chungu kidogo, ambayo hata leo hunifanya nigeuke kutazama nyuma. Ndiyo harufu ya siku tulipobomoa nyumba ya nyanya, mama yake baba, kule juu ya Githongo, Meru, wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya mkoloni ilikuwa imeamuru watu wote wahamie kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Baba alikuwa kizuizini, kwa hiyo mama, nyanya na mimi tulibeba kila kitu wenyewe: nguzo, mlango, nyasi za paa, mafiga meusi. Nyanya alibeba makaa ya moto wake ndani ya kigae, akiyapuliza njia nzima.

Kwetu nyumba haikuachwa ilale nusu. Ilianzwa asubuhi, ikaezekwa na kuwashwa moto kabla ya giza, maana iliyolala wazi ingepata mwenyeji mwingine. Sasa niambie, wanawake wawili na kitoto cha kike wangemalizaje? Filimbi ya kafyu, ya kukataza mtu kuonekana nje usiku, ililia paa likiwa nusu, mvua ikashuka, makaa yakazimika. Homgadi, wale askari wa kijiji, wakatufukuza tukalale kwa jirani.

Kesho yake tulimaliza. Mama alifurahi mno, kwani hakuna hata ufito uliopotea, na kila nguzo ilisimama mahali pake pa zamani. Mimi sikuipenda. Moshi ulitambaa chini badala ya kupanda, na mbuzi wetu alikataa katakata kuvuka kizingiti. Nyanya naye alijifunika blanketi, akaketi nje.

"Ingia, mama," mama alimsihi. "Ni nyumba yako ileile. Hata ufa wa mlango ni uleule."

"Umewahi kuona ng'ombe aliyechinjwa?" nyanya akamjibu. "Kichwa kipo, miguu ipo, ngozi ipo. Haya, mrudishe asimame."

"Watakupiga risasi!"

"Wanipige. Humo ndani kuna mtu."

Hayo ya risasi hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Nilimpenda nyanya kuliko mtu yeyote, na kila jioni nilimvuta mkono aende kulala kwa jirani kabla ya filimbi. Jioni moja ililia angali ameketi nje, homgadi akaja mbio na bunduki. Mama akamshika nyanya makwapani, akamburuta ndani, nami nikakomea mlango nikilia kwa furaha kwamba amepona.

Asubuhi nyanya alichochea moto, akapika uji, akanipa. Mikono ilikuwa yake, kovu la shavuni lilikuwa lake, hata kikohozi kilikuwa chake. Akanitazama kwa upole.

"Wewe mtoto ni wa nani?" akaniuliza.

Tangu siku hiyo hakulitamka tena jina langu, jina alilonipa mwenyewe. Mbuzi aliyezoea kumfuata kila mahali akawa anamkwepa. Tulilala kitanda kimoja hadi alipofariki, mwili wake una joto lake la kawaida, nami nimejibana ukutani nikiogopa asiniguse.

Siku hizi watu hujenga kidogo kidogo. Nyumba ya mawe hulala wazi miaka, na hakuna anayejali. Binti yangu, muuguzi huko Meru mjini, anasema nyanya alipata mshtuko, na ugonjwa wenyewe una jina. Namwamini, maana amesoma na si mtu wa kunidanganya. Lakini nikimwuliza ni nani hasa aliyelala kando yangu miezi ile, hujibu upesi mno, "Si alikuwa nyanya yako?" halafu huinuka kwenda kuwasha taa.